Mikono ya Buluu ya Godeliva

Ansima, mwanangu,

Nimekuambia kichwa kinaniuma, ndiyo sababu sikuja nanyi kanisani jioni hii. Hakiniumi. Nilitaka saa mbili za kukaa peke yangu hapa mezani, wewe ukiwa huko unaombewa safari na baba yako akiwa kwenye zamu yake ya ulinzi huko viwandani Mobeni. Kuna jambo nimelibeba miaka kumi na sita, na kesho unapanda basi la Cape Town bila kulijua. Nikilisema kwa mdomo nitalizungusha, najijua. Kwenye karatasi nikianza kuzunguka, nitajiona mwenyewe.

Sitakuandikia habari za kufunga begi wala za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua njiani. Baba yako amekwisha kuyasema hayo mara tatu, na mara ya tatu nilikuona ukichungulia simu chini ya meza. Mimi hata sina uso wa kukufundisha kuishi vizuri. Nilichonacho ni kosa moja, na nataka ulijue lilivyofanyika hatua kwa hatua, kwa sababu lingali ndani ya kifua chako.

Wiki iliyopita ulinionyesha picha ya chumba cha kufulia nguo cha ile hoteli utakakofanya kazi. Ulifurahi, ukanionyesha mashine kubwa zinazong'aa na mwenzako mmoja aliyevaa sare. Mimi sikuziona mashine. Niliona madumu meupe yaliyopangwa ukutani mpaka karibu na dari, na dirisha moja dogo lililofungwa. Uliniuliza mbona nimenyamaza, nikakujibu kwamba nitakukumbuka. Ni kweli nitakukumbuka, lakini sicho kilichoninyamazisha.

Tangu ukiwa mdogo umeambiwa kwamba pumu yako ulitupiwa kwa uchawi. Jina la aliyekutupia unalijua kama unavyolijua jina la mtaa wetu, kwa sababu kila Ijumaa kundi la maombi hulitaja ili lifungwe: Godeliva. Sura yake huikumbuki. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa ukiota ndoto mbaya juu yake, mwanamke asiye na uso, nami nilikuwa nakukumbatia na kukuambia hatakufikia. Niliyasema hayo bila kumeza mate. Ukitaka kujua mama yako ni mtu wa namna gani, anzia hapo.

Godeliva alikuwa jirani yetu, Mrundi wa Rumonge, mlango wa tatu kutoka wetu katika lile jengo la zamani la Greyville. Wewe ulimwita tantine, yaani shangazi. Alikubeba mgongoni zaidi ya mimi, maana mimi kitambaa cha mgongo hakijawahi kunikaa vizuri, na ulikuwa ukilia ukiondolewa kwake. Kabla ya kufika Durban alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa dobi mmoja aliyekuwa pia akitia nguo rangi. Ndiye aliyenifundisha kazi hiyo. Mimi Bukavu nilikuwa nauza vitambaa tu, nikiwadanganya wateja kwamba havichuji.

Alinifundisha kwamba kitambaa kipya lazima kifuliwe kwanza mpaka wanga wote utoke, la sivyo rangi hukaa juu juu na kuondoka siku ya kwanza. Alinifundisha kuyeyusha unga wa rangi kwenye maji ya moto mpaka usione hata punje moja, kutia chumvi bila uchoyo, kukoroga saa nzima bila kuacha mkono, kisha kusuuza na kusuuza mpaka maji yawe ya kunyweka. Hapo kwenye kusuuza ndipo tulipogombana kila mara. Mimi ni mtu wa haraka. Maji yakianza kupauka nasema tayari, yeye anasema bado, ananirudisha.

Na alinifundisha kwamba nguo ikichujia nyingine, usiogope na usiianike. Doa la rangi likiwa bichi hutoka kwa maji baridi na sabuni na subira. Likikauka, au ukilipiga pasi, umelijengea nyumba. Nilikuwa nikimcheka kwa jinsi alivyokuwa akiongea na nguo zilizochujiwa, akizibembeleza kwenye beseni kama mtoto mwenye homa.

Tukapata kazi ya kwaya ya wanawake wa kanisani, hii hii unayoijua. Walitaka magauni ya buluu iliyokolea yenye kola nyeupe, na vilemba vyeupe. Kitambaa kilikuwa cheupe chote, kwa hiyo tulikata cha magauni tukakitia rangi, na cha kola na vilemba tukakiweka kando. Kazi yote tuliifanya bafuni kwetu, ndani ya hodhi la kuogea. Msimamizi wa jengo alikuwa amekwisha kuona hodhi likiwa na michirizi ya rangi, akatupitishia karatasi chini ya mlango kwamba tukirudia tutatoka. Kwa hiyo tulifunga dirisha la bafu, tukaziba chini ya mlango wa nje kwa taulo ili harufu isitoke kwenye korido. Ilikuwa akili yangu hiyo. Nilijiona mjanja.

Tulikuwa na jozi moja tu ya glavu. Godeliva alinipa mimi. Alisema ngozi yangu ni laini, yake imekwisha kuzoea. Mikono yake ikawa buluu mpaka kwenye viwiko, na mimi yangu ikabaki safi. Nakuomba ulikumbuke hilo.

Mchana chumvi ikaisha. Godeliva akavaa viatu kwenda dukani, akageuka mlangoni akaniambia, “Usiguse kitu mupaka nirudiye. Na ile javeli, usiichanganye na kitu yoyote. Unasikia, Mama Ansima?” Javeli ndiyo ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, unaijua. Nilimjibu nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli.

Kuna kitu kidogo cha kijinga kilichokuwa kinaniuma siku ile. Asubuhi nilitaka kutia siki kwenye maji ili ishike rangi, kama mama yangu alivyokuwa akifanya, na Godeliva alicheka akasema kwenye pamba vinegre haisaidii kitu, labda kama nataka kuipika kachumbari. Alicheka vizuri tu, bila ubaya. Lakini ilikuwa nyumbani kwangu, na hodhi ni langu. Alipotoka, nikamwaga chupa nzima ya siki juu ya vitambaa vya buluu ili nimwonyeshe. Wewe ulikuwa umekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, pembeni ya hodhi, unamfunga mwanasesere wako kipande cha kitambaa cheupe. Ulikuwa na miaka minne. Hukuwa unaachana nami hata nikienda msalani.

Nikaanza kuvitoa vitambaa na kuvitundika kwenye kamba juu ya hodhi kabla havijasuuzwa sawasawa, kwa ile haraka yangu. Vitambaa vyeupe vyote vya kola na vilemba nilikuwa nimeviweka kwenye kiti kando ya hodhi, chini ya ncha ya kamba hiyo hiyo. Nilipogeuka, matone yalikuwa yamekwisha kuingia mpaka tabaka la nne. Wanawake wawili wa kwaya walikuwa waje alasiri ileile kutazama kazi, na tayari nilikuwa nimejisifu kwao kupita kiasi.

Nilichotakiwa kufanya ni kuvitia kwenye maji baridi na kumngoja mwenye kujua. Badala yake nilivitupa vyeupe ndani ya hodhi, kwenye yale maji yaliyobaki na siki, nikafungua javeli na kuimwaga yote.

Harufu ilipanda papo hapo, ikanichoma macho na koo. Nilikohoa. Nilifikiri ni ukali wa kawaida wa javeli, basi, na kwamba maji ya moto yangeiharakisha kazi. Nikaenda jikoni kuchemsha maji, nikafunga mlango wa bafu nyuma yangu, Ansima, ili harufu isifike kwenye korido. Wewe nilikuacha ndani. Sikukusahau, nisiseme uongo hata hapa. Nilijua umo. Nilikuambia, “Kaa hapo, mama anarudi sasa hivi.” Nilisimama jikoni nikiitazama sufuria, nikikusikia unakohoa, nikasema moyoni, anakohoa kama nilivyokohoa mimi. Kisha nikaacha kukusikia na nikafikiri umetulia.

Mlango ulifunguliwa, Godeliva akaingia na mfuko wa chumvi. Alinusa mara moja tu. Aliniuliza, “Mutoto iko wapi?” na hakungoja jibu. Aliingia bafuni akiwa amebana pumzi, akatoka nawe begani, midomo yako imebadilika rangi. Alikulaza kwenye mkono wake, akakufuta povu mdomoni, akakushika shingo ili kichwa kisianguke nyuma, akashuka nawe ngazi mbio, ghorofa nne, akikohoa. Mimi nilimfuata nikiwa nimevaa glavu.

Wale wanawake wawili wa kwaya walimkuta kwenye ngazi. Waliona mtoto aliyelegea mikononi mwa Mrundi anayekimbia, na kwenye shavu na shingo ya mtoto alama za vidole za buluu. Hayo ndiyo waliyoyaona. Siwezi kuwalaumu kwa macho yao.

Ulipona. Hospitali waliniuliza kama ulivuta kitu. Nilikuwa na karatasi yangu ya ukimbizi mkononi, muhuri wake umebakiza wiki mbili, na mtu mmoja alikuwa amekwisha kuniambia kwamba huku mama mzembe ananyang'anywa mtoto. Nikasema ulianza kukohoa mwenyewe, ukicheza. Daktari akauliza tena. Nikarudia. Akaandika anachoandika, na baada ya miezi kadhaa kifua kikiwa hakijatulia, wakaita pumu.

Ijumaa kundi la maombi lilikuja nyumbani. Waliimba, wakaomba, wakakushika kichwa. Kisha mama kiongozi akaniuliza, kwa upole kabisa, “Nani wa mwisho alimubeba mutoto?” Nilijua swali hilo linakwenda wapi. Sisi sote tuliokulia huko kwetu tunajua linakwenda wapi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nimechanganya dawa, nimemfungia mwanangu ndani. Nikasema, “Godeliva.” Ilikuwa kweli, na sikuongeza neno. Waliobaki waliongeza wenyewe: zile alama shingoni, Mrundi asiye na mtoto anayempenda mtoto wa mwenzake kupita kiasi, ule ukaribu wake. Nilikaa kwenye kiti nikisikiliza na kila baada ya sentensi nikasema amina.

Siku mbili baadaye alikuja mlangoni. Nilikuwa nimekupakata, mlango umefungwa kwa ufunguo. Hakupiga kelele. Alisema kutoka nje, “Mama Ansima, ubaambie ile vinegre. Mie sitakasirika. Ubaambie tu.” Akakohoa kwa muda mrefu, akangoja. Wewe ulisikia sauti yake ukanyoosha mikono kuelekea mlangoni, ukasema tantine. Nilikuziba mdomo kwa kiganja changu.

Baada ya hapo wateja walimkimbia. Wanawake walikuwa wakiwavuta watoto wao akipita kwenye ngazi. Mtu alimwagia maji machafu mlangoni, sikujua ni nani na sikuuliza. Mwezi haukuisha akahama, na sisi pia tukahamia hapa, mimi nikimwambia baba yako jengo lile lina unyevu usiofaa kwa kifua chako. Mpaka leo baba yako anaamini ulilogwa. Nilimwachia hilo, kwa kuwa angeniuliza maswali ambayo wengine hawakuuliza.

Sikutia rangi tena hata soksi. Unakumbuka ulipokuwa shule, sketi yako nyeusi ilipauka ukanunua kipakiti cha rangi kwa akiba yako ukaniomba tuifanye pamoja? Nilikupokonya nikakitupa, nikakupigia kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ulilia ukasema mimi ni mama nisiyeeleweka. Sasa umeelewa, na sitegemei unihurumie.

Miaka sita iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya taxi, nikasikia kikohozi nyuma yangu. Nilikijua kabla sijageuka, maana ndicho chako: kikavu, halafu kimya, halafu kama mtu anayetafuta hewa chini ya kitanda. Alikuwa amekonda sana. Nilitegemea matusi, hata niliyataka. Aliniuliza, “Mutoto iko anapumua muzuri?”

Nikasema, “Iko muzuri.”

“Bien, ni muzuri,” akasema.

Nikapanda taxi iliyokuwa mbele yangu bila kuuliza inakwenda wapi, na ikanishusha mbali na nilikokuwa nakwenda. Sikumwona tena. Sijui kama yu hai, na Ijumaa zote zilizofuata nimeendelea kusema amina.

Ningeweza kufa na haya, ukweli ndio huo. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Kilichoniamsha ni siku ile, miezi mitatu sasa, walipokuita mbele wakatangaza kwamba mkono wa Godeliva umekatwa nawe umefunguliwa, wakakuambia uiache pampu yako ya kuvutia dawa madhabahuni kama ishara. Uliiacha. Kanisa zima lilipiga makofi, nami nikapiga. Ulinitazama kutoka mbele ukitabasamu, mzuri kuliko siku zote, na nikaona nimekuua mara ya pili kwa njia ileile, kwa kukaa kimya.

Haukuwa mkono wa mtu, mwanangu. Ni hewa ya siki na javeli, na ilikuunguza ndani ukiwa na miaka minne. Hakuna aliyekutupia kitu, kwa hiyo hakuna wa kufungwa ili upone. Watu wanaokuombea wanakupenda, usiwachukie. Wanamkemea mtu wanayemjua kutokana na maneno yangu, na maneno yangu hayakuwa kamili.

Tangu uiache pampu ninakusikia. Lifti yetu haifanyi kazi, na unasimama kila ghorofa. Nikikuuliza unasema unafunga kamba ya kiatu. Vile viatu ulivyonunua mwezi uliopita havina kamba, Ansima. Usiku unalala umekaa, umeegemea mito miwili, na asubuhi unauondoa mmoja ili nisiuone. Umejifunza kuficha, na najua umejifunza kwa nani. Sasa unakwenda kwenye chumba chenye dirisha moja na madumu mpaka darini, saa kumi kwa siku, na mtu yeyote wa huko akikosea kuchanganya kama nilivyokosea, hatakuwapo wa kunusa mlangoni.

Sikuombi usiende. Ningeomba, lakini nimepoteza haki ya kukuzuia, na Durban hii haijakupa kazi. Naomba mambo mawili. Pampu nyingine nimeichukua kliniki kwa kitabu chako cha zamani, iko kwenye mfuko wa mbele wa begi lako dogo, na sitaki uikute kwa bahati, ndiyo maana nakuandikia. Na ukifika, mwambie mkubwa wa kazi siku ya kwanza kwamba kifua chako kiliunguzwa na dawa za kufulia ulipokuwa mtoto. Sema hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Akuweke kwenye kupiga pasi, kwenye kukunja, popote penye hewa. Akikataa, rudi. Hakuna aibu ya kurudi inayofikia ile niliyoishi nayo.

Ukitaka kunichukia, una sababu zote. Mimi mwenyewe kuna siku sijui nilikuwa naogopa nini kwa kiasi kile. Karatasi ilipata muhuri wake. Msimamizi wa jengo alikuwa mtu wa maneno tu. Kwaya waliimba na kola zenye madoa na hakuna aliyeona kutoka kwenye viti. Hayo yote yalipita, na lililobaki ni wewe kukosa pumzi na mwanamke mmoja mwema kukosa jina.

Nilipanga kukupa barua hii kesho basi likianza kuondoka, ili usinione usoni ukiisoma. Unaona, hata sasa bado natafuta mlango wa kufunga.

Mlango wa chini umefunguliwa. Mnarudi. Nasikia kundi zima limekusindikiza, wanaimba ule wimbo wa kufunguliwa, na sauti yako naitambua katikati yao, inafuata maneno kwa kuchelewa. Ghorofa ya kwanza. Umenyamaza, wao wanaendelea. Ya pili. Umesimama.

Wameacha kuimba. Wanakuita jina. Mmoja anakemea kwa sauti kubwa, anaanza kumtaja Godeliva.

Naacha kalamu. Naitoa pampu begini mwako nashuka nayo, na ukishavuta pumzi nitawaambia wote hapo hapo kwenye ngazi ni nani aliyefunga ule mlango.